Mafuta ya Mtani Wetu

Mwanangu Nyamizi,

Barua ya kistaarabu huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia unavyolifunga begi na kulifungua tena. Kama hali yako si nzuri, basi tuko sawa. Tangu Jumanne sijakusemesha zaidi ya "lete maji" na "funga mlango", na wewe kwa adabu zako umekuwa ukiitikia "ndiyo mama", "haya mama", kama binti aliyeajiriwa nyumba ya watu. Nimekasirika, Nyamizi. Hasira hii nimejaribu kuipoza kwa sala, nikajaribu kwa kufua, nikajaribu kwa kutwanga kisamvu ambacho hakuna aliyekila, na bado inachemka. Nikifungua mdomo nitatoa matusi, na sitaki uondoke hapa na matusi ya mama mzazi. Ndiyo maana naandika.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kupanga chumba mahali penye maji, wala za kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako amekueleza mpaka koo limemkauka, na yaliyobaki utajifunza hukohuko Dar es Salaam unakokwenda kuanza kazi, kwa kuibiwa simu kama wenzako. Mimi nataka kusema juu ya mafuta.

Naanza na Jumamosi ile sokoni. Ulikuwepo, lakini nataka uione kwa macho yangu. Wewe ulikuwa umerudi na kile kisanduku chako cha kijivu cha chuo, umepita nacho njia nzima kuanzia Nzega, duka kwa duka, ukipima mafuta ya kula ya watu kwa ajili ya kazi yako ya mwisho ya masomo. Na mimi, kwa kiherehere changu, ndiye niliyekuambia ukilete kwenye kibanda changu. Sikusema kwa sauti ndogo. Nilipanda juu ya kreti la soda nikaita, "Njooni! Njooni mwone mafuta ya Mama Nyamizi yanavyopimwa kwa sayansi!" Wakaja wauza mchele, wakaja wauza dagaa, akaja Bi Mwajuma jirani yetu na kikapu chake. Nilijiona bibi harusi.

Ukadondosha tone moja la alizeti yangu juu ya kile kijiwe king'aacho cha kisanduku. Ukawaeleza watu vizuri, nikavimba kichwa. Ukasema kuna mwanga usioonekana kwa macho, ndugu yake na joto tunalolihisi tukikaa karibu na jiko. Mwanga huo ukikutana na mafuta, mafuta yanameza sehemu na kuacha sehemu, na kila aina ya mafuta ina namna yake ya kumeza. Mashine inasoma kilichomezwa na kuchora mstari wenye vilima na mabonde kwenye simu. Ukasema mafuta yote ya kula, yawe alizeti, yawe karanga, yawe mawese ya Kigoma au ya pamba, hata samli, yana kilima kimoja kirefu kisichokosekana. Mzee mmoja wa dagaa akauliza, "Na yasipokuwa nacho?" Ukacheka ukasema, "Babu, yasipokuwa nacho hayo si ya kula, hayo ni ya kulainishia mnyororo wa baiskeli."

Kisha ukatazama simu. Mimi sikutazama simu, mimi nilikutazama wewe. Nilikuona unavyomeza mate. Ukafuta kijiwe kwa pamba na spiriti, ukaweka tone jingine, ukatazama tena. Halafu ukainua uso ukatabasamu, ukasema, "Mashine haijatulia, mama. Imepata joto la njiani. Tutarudia siku nyingine."

Watu wakaangua kicheko. Muuza mchele akasema, "Sayansi imeyaogopa mafuta ya Mama Nyamizi!" Nikacheka nao. Siku ile niliuza kama sikukuu, maana kila aliyekuja kutazama aliona haya kuondoka mikono mitupu. Bi Mwajuma naye alinunua kidogo ya kuungia mboga. Wewe ulisimama pembeni ukifunga waya za kisanduku, ukiniangalia namimina kipimo baada ya kipimo, na hukusema kitu.

Jumanne tunachambua mchele ndipo ukasema. Ukasema kilima kile kwenye tone langu kilikuwa kimenywea. Ukasema ulirudia nyumbani mara kadhaa, ukalinganisha na alizeti uliyoikamua mwenyewe chuoni, na hakuna shaka: ndani ya mafuta yangu kuna mafuta ya mashine, kwa kadiri unavyoona ni yale yanayotiwa kwenye transfoma za umeme au ndugu zake. Mimi nikawa nimeshika ungo, mchele unamwagika. Halafu ukaongeza maneno yale. Ulisema, "Usihofu, mama. Nimeliondoa tone lako. Kwenye kazi yangu halimo. Hakuna atakayejua."

Ukanitazama. Ulikuwa unangoja nikushukuru.

Nyamizi, nitakuuliza kwa maandishi nililoshindwa kukuuliza kwa mdomo. Jumapili ulikula nini? Ulikula wali kwa Bi Salome wa kwaya, nilikuwa na wewe mezani. Wali ule uliungwa kwa mafuta gani? Ulijua. Uliushika mkono wa mtoto wake mdogo ukamnawisha, ukamwekea chakula kwenye sahani, na ulijua. Jumatatu nilikwenda sokoni asubuhi, ukanisaidia kubeba faneli na mpira wa kunyonyea mafuta, na ulijua. Ulinionea mimi haya, ukauacha mtaa mzima wa Ipuli uendelee kuyala. Nilipofika hapo katika kuwaza ndipo nilipouweka ungo chini na kutoka nje, maana mkono ulikuwa unaniwasha kukupiga, na wewe ni mtu mzima, msomi wa chuo.

Sasa kaa kitako, kwa sababu hasira hii haiko kwako peke yako.

Unamjua Bi Mwajuma tangu hujui kutembea. Maandazi yake na sambusa zake zimewalea watoto wa shule wa mtaa huu, nawe ukiwemo. Mwaka jana, wewe ukiwa chuo, alinijia kibandani akasema taratibu, kama anavyosema kila kitu, "Mama Nyamizi, mafuta yako siku hizi yanafanya povu karaini, na moshi wake unaniwasha macho. Hebu yatazame." Nikachovya kidole, nikapaka mgongoni mwa kiganja, nikanusa, nikaonja, nikameza mate nikasubiri, kama nilivyokufundisha. Sikuona kitu. Walikuwepo wateja wengine wawili watatu, na mimi nikaona nimedhalilishwa. Nikamjibu, "Bi Mwajuma, nenda kasugue karai lako." Wateja wakacheka. Lilikuwa neno dogo, lakini sokoni neno dogo halikai dogo. Ukafika muda mtaa mzima unasema karai la Bi Mwajuma ni chafu. Halafu watoto kadhaa wakaumwa matumbo, na wazazi wakawakataza kununua kwake. Mimi sisemi ni mafuta yangu yaliyowaumiza. Maji ya bomba letu tunayajua, na embe mbichi za mwezi ule tunazijua. Sijui, wewe na kisanduku chako hamjui, na sasa hakuna atakayeweza kujua. Hilo linanichoma kuliko kama ningejua. Bi Mwajuma aliacha kukaanga. Siku hizi anauza barafu na ubuyu mlangoni kwake.

Jumatano nilikwenda kwake. Nilibisha hodi nikiwa nimeshajiandaa kwa kila tusi. Akasema, "Karibu, Mama Nyamizi. Mbona uso umekusawijika hivyo, kuna msiba?" Nikamwambia yote, nimesimama, sikukubali kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia jikoni kwake. Nikadhani anakwenda kuchukua mwiko anipige, na Mungu ananiona, ningeinamisha kichwa. Akarudi na karai lile. Akaliinua kuelekea mlangoni, nikaona mwanga unapita katikati yake.

"Nilisugua," akasema. "Ulivyoniambia. Nikasugua kwa mchanga, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa waya, mpaka likatoboka. Nilidhani kweli ni mimi."

Nililia pale, na nalia sasa nikiandika, lakini usije ukadhani ni machozi ya huruma. Ni hasira. Mtu mzima, mwenye mikono safi kuliko yangu, ametumia mwaka mzima akiutafuta uchafu wangu kwenye chombo chake. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Haya uliyoniambia mimi, nani mwingine umemwambia?" Nikaaga.

Nilipofika nyumbani nikampigia Ndahani, mtani wetu wa Kigogo anayenishushia mafuta.

Najua unampenda Ndahani. Na mimi nilimpenda, ndilo kosa langu kubwa, na nataka ulielewe vizuri kwa sababu hakuna chuo kitakachokufundisha. Umeshasimuliwa na bibi yako asili ya utani wetu na Wagogo. Mababu zetu walipita kwao na mizigo ya misafara mabegani, wakienda pwani na kurudi, nao wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na ushuru wa maji ya kunywa. Wakagombana, wakapigana, mwisho wakachoka, ugomvi ukageuka utani. Mtani anaweza kukuambia lolote, na wewe huruhusiwi kununa. Siku tuliyomzika baba yako, Ndahani aliingia msibani amevaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, mguu mmoja ukivuta, akasimama mbele ya jeneza akafoka, "Mnyamwezi gani huyu anaondoka bila kumuaga mtani? Fungueni, aage!" Nilicheka. Nilikuwa nimekaa siku mbili bila kula wala kusema, nikacheka mpaka nikaweza kulia. Mtu aliyekuchekesha siku ya kumzika mumeo huwezi kumfikiria mabaya. Tangu siku ile, kila dumu la alizeti lililoingia kibandani kwangu lilishuka kwenye lori la Ndahani, na sikuonja kwa mwingine.

Basi mwaka jana, wakati uleule wa malalamiko ya Bi Mwajuma, lori lilipokuja nikamwambia, "Ndahani, mafuta haya mbona mepesi, rangi imekwenda wapi?" Alikuwa juu ya lori, watu wamejaa chini, wapagazi wanashusha. Akanijibu kwa sauti ya mnada, "Nimetia oili ya mashine, Mnyamwezi! Upate nguvu za kubeba pembe za ndovu kama babu zako!" Soko zima likacheka. Na mimi nikamrudishia, "Babu zenu walitutoza hata maji ya kunywa, leo ndiyo mnatulipa?" Wakacheka zaidi. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikampa chai ya tangawizi, nikampakilia na karanga za kutafuna njiani.

Jumatano nilipompigia simu aliitikia kwa furaha kama kawaida yake, kwa salamu ya kwao, "Mbukwa, Mnyamwezi! Umenikumbuka?" Nikamwambia mafuta yamepimwa, yana oili ya mashine ndani. Nilitegemea akane. Nilitegemea aape kwa mama yake, aseme ni kiwandani, ni dereva, ni utingo. Unajua alisema nini? Alisema, "Mtani, si nilikuambia?"

Nikamuuliza aliniambia lini.

"Nilikuambia mbele ya watu wote," akasema, "ukacheka." Akacheka na yeye. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini isiyo ya utani, "Na bei uliipenda."

Hapo ndipo aliponishika pabaya, kwa sababu ni kweli. Alizeti yake ilikuwa rahisi kuliko ya mtu yeyote anayeshusha Tabora. Nilijua hivyo miaka yote, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Wenzangu waliponiuliza nilijibu kwa madaha, "Ni mtani wangu, ananipendelea." Mtu ninayemjua kwa ubahili wa Kigogo, ndivyo tulivyokuwa tukimtania, anipendelee mimi kwa sababu gani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilikuwa namkaribisha chai.

Usije ukatoka hapa na kusema Wagogo hivi, Wagogo vile. Yupo mama wa Kigogo pale njia panda Nzega ambaye kisanduku chako kilimpa alama safi kuliko wote, uliniambia mwenyewe. Mwizi ni Ndahani. Kabila lake halikupanda kwenye lori lake.

Lakini yeye na wewe, Nyamizi, mmefanya kitu cha ukoo mmoja. Soma hapo hata kama panakuuma. Ndahani aliufunika ukweli kwa utani, wewe ukaufunika kwa heshima. Yeye alijua sitanuna, kwa sababu mila inanikataza kununa. Wewe ulijua hakuna atakayekuuliza, kwa sababu mtoto mwenye adabu hamwaibishi mama yake mbele ya watu. Na sisi tuliokuwa tumesimama pale tulicheka mara zote mbili, halafu tukaenda kupika.

Na nani aliyekufundisha adabu hiyo? Nilijiuliza jana kutwa nzima, nikitafuta wa kumlaumu, nikamkuta. Ulikuwa darasa la tatu. Wajomba zako walikuja kutoka Urambo, nyumba imejaa, maziwa hayatoshi. Nikaongeza maji kwenye sufuria. Tumekaa tunakunywa chai, na wewe kwa sauti yako kali ya utotoni ukasema, "Mama, maziwa haya mbona yana maji mengi?" Wajomba wakatazama vikombe. Nilikufinya chini ya meza mpaka ukajing'ata midomo ikabaki na alama, kwa kujizuia usilie. Baadaye jikoni nikakuambia, "Ukiona kitu cha mama yako, kimeze." Ulikuwa unaweza kuyaona maji ndani ya maziwa bila kisanduku chochote, mwanangu. Mungu alikupa jicho hilo bure. Mimi nikalifinya likafumba. Halafu nikawauzia watu mafuta miaka yote nikupeleke chuo ukajifunze kuona upya kwa mashine, na siku ulipoona, ukameza. Ulinitii. Hasira yangu kwako inagongana na hilo kila ninapoiinua, na ndiyo maana nimeshindwa kukupiga na nimeshindwa kukukumbatia.

Jana jioni, wewe ukiwa umekwenda kuaga kanisani, nilimwita baba yako mdogo Elia, nikamwambia nataka kwenda kushtaki. Elia ni mzee wa kanisa, mtu wa kupima maneno. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Shemeji, mtani hashitakiwi. Tangu enzi za misafara haijasikika. Mwite, mtukane mbele ya watu, mtoze mbuzi, yaishe. Ukimpeleka mtani serikalini, siku ya msiba nani atatuzika?"

Nikamwambia, "Atatuzika, shemeji. Mbona ameshaanza."

Hakucheka. Akasema na mimi nitafungwa pamoja naye, maana mkono uliomimina ni wangu. Akasema kibanda kitafungwa, na jina la marehemu kaka yake litachafuka, na wewe utaanza kazi watu wakikunyooshea kidole. Yote hayo ni kweli, na sikumbishia hata moja. Nilimuuliza tu, "Wewe kwako mnaunga mboga kwa mafuta gani?" Yeye pia ni mteja wangu. Aliondoka bila kunywa chai, ila mlangoni alisema, "Basi usiende peke yako." Nikamwambia nitakwenda peke yangu, kwa sababu niliuza peke yangu.

Leo mchana, ulipodhani nimekwenda kununua kuku wa kukusindikiza, nilikuwa manispaa kwa afisa afya. Ni binti mdogo, labda amekuzidi mwaka mmoja. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, na nikaona aibu kuitikia. Nikamweleza kila kitu, pamoja na bei, pamoja na karai, pamoja na kicheko changu. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema binti yangu alipima kwa mwanga. Akaniuliza, "Na majibu yako wapi?" Nyamizi, nilikaa kwenye kiti cha serikali na midomo yangu ikakataa kusema kwamba mwanangu ameyatupa. Nikasema, "Atayaleta." Kwa hiyo sasa na mimi nimesema uongo kwa ajili yako, na ninakutaka uugeuze uwe kweli. Lirudishe tone langu kwenye kazi yako. Lirudishe na siku yake na jina la soko na jina la muuzaji, lisimame kwenye mstari pamoja na matone ya wale wanyonge wa njiani uliowaandika bila kuwaonea haya. Yule mwenye duka la Ndala uliyemwandika kwamba amechanganya mawese kwenye karanga, yeye hana mtoto?

Mafuta yaliyobaki kibandani yamefungwa. Nilimsaidia afisa mwenyewe kuyabeba. Jirani zangu walisimama wakitazama, na muuza mchele akauliza, "Mama Nyamizi, umefilisika?" Nikapanda juu ya lile kreti nikawaambia. Sitakuandikia waliyosema. Wengine wao wana haki ya kusema zaidi ya hayo, na kesho watasema.

Sasa jambo la mwisho, kisha nilale kama usingizi utakubali. Basi lako linaondoka alfajiri, na mimi sitakuja stendi. Usimsumbue mtu kunitafuta. Saa hizohizo lori la Ndahani linaingia sokoni. Hajui kwamba nimemshtaki; nilipotoka manispaa nilimpigia tena nikamtania kidogo kama vile yamekwisha, nikamwambia alete mzigo kama kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani utani ulinikaa mdomoni kama shubiri. Afisa afya na polisi watakuwa wamekaa dukani kwa mtu. Mimi nitasimama kibandani nipokee madumu kwa mikono yangu, kwa sababu wamesema lazima aliyezoea kupokea ndiye apokee. Najua atakaponiona ataniita kwa sauti yake ileile, na najua atakavyonitazama baadaye. Shangazi yako atakupeleka stendi. Chakula kiko kwenye hotpoti. Nimekikaanga kwa samli.

Huko kazini unakokwenda, maabara yenu inapokea sampuli kutoka mikoani, afisa ameniambia. Ya Ndahani na yangu zitaletwa zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Inawezekana zikafika mezani pako, na wewe ni mgeni kazini, hujazoea, wakubwa wamesimama nyuma yako. Usizipime. Mpishe mwingine azipime, asiyenijua, aone mwenyewe kilima kilivyonywea. Lakini usitoke chumbani, wala usijifanye una kazi nyingine. Mtu atasoma jina langu kwenye kibandiko kwa sauti, kisha atauliza kama kuna anayemfahamu huyu mwanamke wa Tabora aliyewauzia watu oili ya mashine.

Usimeze, Nyamizi. Inua mkono, mbele yao wote, useme: "Ni mama yangu."

Mama Nyamizi,
Ipuli, Tabora